Fritz Haber: Aliyeilisha dunia kwa hewa, akaua kwa hewa

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa mahindi wa Mbeya, Iringa au Eldoret anapofungua mfuko wa mbolea ya urea, anashika mkononi kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa hewa. Asilimia 46 ya uzito wa punje hizo nyeupe ni naitrojeni, na naitrojeni hiyo haikuchimbwa ardhini wala kutoka katika zizi la ng'ombe. Ilikamatwa angani, ikalazimishwa kiwandani kuungana na haidrojeni.

Mtu aliyeifungua njia hiyo ni Fritz Haber, mwanakemia wa Ujerumani aliyefariki dunia mwaka 1934. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu wote waliopo duniani leo wanakula kwa sababu ya ugunduzi wake.

Lakini ni Haber huyo huyo aliyesimamia shambulio kubwa la kwanza la gesi ya kuua katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Karibu karne moja baada ya kifo chake, dunia bado haijakubaliana ikiwa imkumbuke kwa shukrani au kwa laana.

Utajiri usiolika

Ili kuelewa ukubwa wa alichokifanya, ni lazima kwanza kuelewa safari ya naitrojeni katika maumbile. Gesi hiyo ni asilimia 78 ya hewa inayoizunguka dunia. Hakuna kiumbe kinachoweza kuishi bila naitrojeni, kwa kuwa ndiyo inayojenga protini na vinasaba vya kila chembe hai.

Pamoja na wingi huo, viumbe karibu vyote haviwezi kuitumia ikiwa hewani. Atomu zake hutembea mbili mbili zikiwa zimeshikana kwa kifungo chenye nyuzi tatu, kigumu kukatika kuliko karibu vifungo vyote vinavyojulikana katika kemia. Binadamu huivuta na kuitoa bila kufaidika nayo. Mhindi uliozungukwa nayo pande zote hugeuka manjano kwa kuikosa, mithili ya baharia anayekufa kwa kiu katikati ya bahari.

Tangu zamani maumbile yalikuwa na milango michache tu ya kuiingiza naitrojeni ardhini. Mmoja ni radi, ambayo joto lake kali hukata kifungo hicho na mvua ikaishusha naitrojeni shambani. Mwingine, ulio mkubwa zaidi, ni bakteria wa udongoni, wakiwamo wale wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, kama vile maharage, choroko na karanga. Siri ya vinundu hivyo ilithibitishwa na Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, katika miaka ya 1880.

Ikishaingia ardhini, naitrojeni huliwa na mmea, mmea ukaliwa na mnyama, na kwa njia ya samadi na mizoga ikarudi udongoni. Huko bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti inayofyonzwa upya na mizizi, na wengine huirudisha hewani ilikotoka. Mzunguko huo ulijitosheleza kwa mamilioni ya miaka, lakini ulikuwa wa polepole. Idadi ya watu ambao shamba lingeweza kuwalisha ilipimwa na upana wa milango hiyo.

Kufikia karne ya 19, milango hiyo haikulitosha tena bara la Ulaya. Meli zilivuka bahari kwenda kuchota kinyesi cha ndege katika visiwa vya Peru, na baadaye naitreti katika jangwa la Atacama. Utajiri wa jangwa hilo ulikuwa miongoni mwa sababu za vita vya kuanzia mwaka 1879, ambamo Chile iliyanyang'anya mataifa ya Peru na Bolivia maeneo yenye naitreti.

Mwaka 1898, mwanasayansi wa Uingereza, William Crookes, alitoa hotuba iliyoitikisa Ulaya. Alionya kuwa mataifa yanayokula ngano yangekabiliwa na njaa, kwa sababu naitreti ya Chile ingekwisha siku moja. Kwa maoni yake, wokovu ungetoka kwa wanakemia, ambao sharti watafute namna ya kuikamata naitrojeni ya hewani.

Mtoto wa mfanyabiashara wa rangi

Wakati hotuba hiyo ikitolewa, Haber alikuwa kijana wa miaka 29 asiyejulikana sana. Alizaliwa Desemba 9, 1868, katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa wa Prussia na leo ni Wrocław nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mama yake, Paula, alifariki dunia wiki chache baada ya kumzaa, na baba yake, Siegfried, alikuwa mfanyabiashara wa rangi na dawa.

Alisoma kemia katika vyuo kadhaa, vikiwamo vya Heidelberg na Berlin, na kupata shahada ya udaktari mwaka 1891. Alijaribu kufanya kazi katika biashara ya baba yake lakini hawakuelewana, naye akarudi kwenye maabara. Akiwa bado kijana aliacha dini ya wazazi wake na kubatizwa kuwa Mkristo wa Kilutheri. Katika Ujerumani ya zama hizo, milango ya vyuo vikuu haikuwa rahisi kufunguka kwa Myahudi, na Haber alitaka kuhesabiwa kuwa Mjerumani kamili.

Mwaka 1894 alianza kazi katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, na mwaka 1906 akawa profesa. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1901, alimwoa Clara Immerwahr, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Breslau. Mwaka uliofuata walimpata mtoto wao wa kiume, Hermann. Clara, aliyeingia katika ndoa akiwa mwanasayansi kamili, alijikuta akibaki nyumbani kuwa mke wa profesa.

Matone yaliyobadili dunia

Haber alianza kuchunguza muungano wa naitrojeni na haidrojeni mwanzoni mwa karne ya 20. Majaribio ya mwanzo yalitoa amonia kidogo mno, akakaribia kuiacha kazi hiyo. Mwaka 1907, katika mkutano wa wanasayansi mjini Hamburg, mwanakemia mashuhuri Walther Nernst aliyapinga matokeo yake hadharani. Aibu hiyo ilimrudisha maabara kwa hasira.

Tatizo lenyewe lilikuwa la kuvuta huku na huku. Joto kali lilihitajika ili kuikata naitrojeni, lakini joto hilo hilo liliivunja amonia mara ilipoundwa. Haber na msaidizi wake, Robert Le Rossignol, aliyetoka kisiwa cha Jersey, walitafuta suluhisho kwa njia mbili. Waliongeza mgandamizo hadi karibu mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, na wakatafuta madini ambayo yangeharakisha muungano bila yenyewe kuisha. Le Rossignol alibuni vali na mitambo iliyohimili nguvu hizo, na madini yaliyofaa yakawa osmiamu.

Julai 2, 1909, wajumbe wa kampuni ya BASF walifika Karlsruhe kuangalia. Mtambo ulileta hitilafu, na mhandisi wa kampuni hiyo, Carl Bosch, akaondoka kabla haujatengemaa. Waliobaki walishuhudia amonia ya majimaji ikidondoka, tone baada ya tone. Kwa mara ya kwanza, mwanadamu alikuwa amefungua mlango wake mwenyewe wa kuitoa naitrojeni hewani kwa njia inayoweza kupanuliwa na kuwa kiwanda.

Kazi ya kuupanua ilimwangukia Bosch. Osmiamu ilikuwa adimu na ghali, hivyo mwenzake Alwin Mittasch aliongoza maelfu ya majaribio hadi alipopata mchanganyiko wa chuma uliokuwa wa bei nafuu. Haidrojeni nayo ilikuwa ikiupenya ukuta wa mapipa ya chuma cha pua na kuyapasua, na Bosch aliponya ugonjwa huo kwa kuyatandika ndani chuma laini. Septemba 1913, kiwanda cha kwanza kilianza kazi huko Oppau, kando ya mto Rhine.

Kutoka mbolea hadi baruti

Amani ya kiwanda hicho haikudumu hata mwaka mmoja. Vita vilipozuka Agosti 1914, majeshi ya majini ya Uingereza yaliifungia Ujerumani njia za baharini, na naitreti ya Chile ikakoma kufika. Pigo hilo halikuwa la wakulima peke yao, kwa maana naitrojeni ile ile inayootesha ngano ndiyo inayotengeneza baruti na mabomu.

Kiwanda cha Oppau kiligeuzwa. Amonia ikabadilishwa kuwa asidi ya naitriki, na asidi hiyo ikawa vilipuzi. Mwaka 1917 kikaongezwa kiwanda kikubwa zaidi huko Leuna. Wanahistoria wengi wanakubaliana kuwa bila mlango uliofunguliwa na Haber, Ujerumani isingeweza kupigana kwa miaka minne.

Haber hakuridhika na mchango huo. Wakati huo alikuwa mkurugenzi wa taasisi mpya ya kemia huko Dahlem, Berlin, nafasi aliyoishika tangu mwaka 1911. Aliiweka taasisi nzima chini ya jeshi na kupendekeza silaha ambayo mikataba ya kimataifa ya The Hague ilikusudia kuizuia, yaani gesi ya sumu.

Jioni ya Aprili 22, 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, askari wa Ujerumani walifungua maelfu ya mitungi ya klorini huku upepo ukielekea upande wa adui. Zaidi ya tani 150 za gesi hiyo zilitambaa juu ya ardhi na kuzama ndani ya mahandaki ya jeshi la Ufaransa, wakiwamo askari waliotoka Algeria. Klorini huunguza mapafu, na wengi walikufa wakitapatapa kutafuta hewa. Haber mwenyewe alikuwapo kusimamia maandalizi, na baadaye alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Usiku wa kuamkia Mei 2, 1915, Clara alichukua bastola ya mumewe, akatoka bustanini na kujipiga risasi. Mtoto wao Hermann, aliyekuwa na umri wa miaka 12, ndiye aliyemkuta. Sababu ya uamuzi huo imebishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema alichukizwa na gesi, na wapo wanaotaja huzuni ya ndoa iliyomzika kitaaluma. Lisilobishaniwa ni kwamba Haber aliondoka bila kukawia kwenda uwanja wa vita wa mashariki kusimamia mashambulizi mengine ya gesi, akimwacha mtoto nyumbani.

Tuzo na lawama

Vita vilimalizika Novemba 1918 kwa Ujerumani kushindwa. Mwaka mmoja baadaye, Haber alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918 kwa kutengeneza amonia. Wanasayansi wa mataifa yaliyopigana na Ujerumani, hasa Wafaransa, walilalamika kwamba mtu wa gesi hakustahili heshima hiyo.

Katika hotuba yake ya Nobel aliyoitoa mjini Stockholm mwezi Juni 1920, alizungumzia zaidi mkate kuliko vita. Alikiri pia jambo ambalo wengi wamelisahau, kwamba huenda njia yake isiwe suluhisho la mwisho. Bakteria wa udongoni, alieleza, wanafanya kazi hiyo kwa mbinu ambazo binadamu bado hajajua kuziiga.

Mwaka uliofuata, dunia ilikumbushwa kuwa mbolea na bomu ni ndugu wa baba mmoja. Septemba 21, 1921, ghala la mbolea la kiwanda cha Oppau lililipuka na kuua zaidi ya watu 500. Karibu karne moja baadaye, Agosti 4, 2020, tani 2,750 za amonia naitreti zililipuka katika bandari ya Beirut, Lebanon, na kuua zaidi ya watu 200.

Haber aliendelea kulitumikia taifa lake. Ujerumani ilipotwishwa fidia kubwa ya vita, alitumia miaka kadhaa akijaribu kukamua dhahabu kutoka maji ya bahari ili deni lilipwe. Mpango huo ulikufa alipobaini kuwa dhahabu iliyomo baharini ni kidogo mno kuliko ilivyodhaniwa. Ndoa yake ya pili, na Charlotte Nathan, ilivunjika mwaka 1927.

Shukrani ya punda

Januari 1933, Adolf Hitler alishika madaraka. Aprili mwaka huo ilitungwa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa umma. Haber mwenyewe alisamehewa kwa kuwa alitumikia vitani, lakini alitakiwa kuwafukuza wafanyakazi wake wa Kiyahudi. Badala yake aliandika barua ya kujiuzulu.

Ubatizo, cheo cha ukapteni, Tuzo ya Nobel, vyote havikumfaa kitu. Taifa alilolipatia mkate, baruti na hata sumu lilimhesabu kuwa mgeni. Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke.

Alikwenda Cambridge, Uingereza, ambako baadhi ya wanasayansi walimpokea, ila mwanafizikia mkuu Ernest Rutherford alikataa kumpa mkono. Mwanakemia Chaim Weizmann, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Israel, alimwalika kwenda kufanya kazi Rehovot, Palestina. Hakufika. Januari 29, 1934, moyo wake ulisimama akiwa mjini Basel, Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Mwaka mmoja baadaye, Max Planck aliandaa kumbukumbu yake mjini Berlin. Serikali iliwakataza maprofesa kuhudhuria, lakini watu walijitokeza, Bosch akiwa miongoni mwao. Mabaki ya Clara yalihamishiwa Basel na kuzikwa pamoja naye, kama alivyotaka.

Mkasa mchungu kuliko yote ulikuja baada ya kifo chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanasayansi wa taasisi yake walishiriki kutengeneza dawa za kufukiza wadudu zenye sianidi. Kutoka katika ukoo wa dawa hizo ilitoka Zyklon B, ambayo Wanazi waliitumia kuwaua mamia ya maelfu ya Wayahudi katika kambi ya Auschwitz. Baadhi ya ndugu wa ukoo wake waliangamia katika kambi za Wanazi. Hermann, mtoto aliyemkuta mama yake bustanini, alijiua mwaka 1946 akiwa Marekani.

Mlango usiofungika

Urithi wa Haber sasa hauhesabiki kwa makaburi wala tuzo. Viwanda vya dunia hutengeneza takriban tani milioni 180 za amonia kwa mwaka, na sehemu kubwa hugeuzwa mbolea. Mlango wa binadamu umekuwa mpana hata kukaribia kulingana na milango yote ya maumbile ya nchi kavu ikiwekwa pamoja.

Tatizo ni kwamba mimea haiwezi kuifyonza yote. Takriban nusu ya naitrojeni inayomwagwa mashambani hukosa kuingia katika mazao. Nyingine husombwa na mvua hadi mitoni na baharini, ambako hulisha mwani. Mwani huo unapokufa na kuoza humaliza oksijeni ya majini, na samaki hukimbia au kufa. Mwaka 2017, eneo la namna hiyo katika Ghuba ya Mexico, linalolishwa na mto Mississippi, lilipimwa kuwa na zaidi ya kilometa za mraba 22,000. Katika Ziwa Victoria, naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na katika majitaka ya miji zimeyanenepesha magugu maji yanayowasumbua wavuvi.

Sehemu nyingine hupanda angani ikiwa oksidi ya naitrasi. Katika kipindi cha miaka 100, uzito mmoja wa gesi hiyo hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa, na pia hula tabaka la ozoni. Viwanda vyenyewe humeza asilimia moja hadi mbili ya nishati yote ya dunia. Haidrojeni yake hutoka zaidi katika gesi asilia, na ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya mbolea ilipaa hata katika maduka ya vijijini Afrika Mashariki.

Hata hivyo, balaa la Afrika limekuwa la upande wa pili, yaani upungufu. Mwaka 2006, viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakati wastani wa matumizi ya mbolea ulikuwa kilo nane tu kwa hekta, na kuazimia kufikia kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Lengo halikufikiwa. Mei 2024 walikutana tena, safari hii Nairobi, wakaweka lengo jipya la kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea barani katika kipindi cha miaka 10. Safari hii waliitaja pia afya ya udongo wenyewe.

Hapo ndipo maneno ya Haber ya mwaka 1920 yanaporudi. Mkulima anayechanganya mahindi na maharage, au anayepanda kunde baada ya mavuno, anawapa kazi bakteria wale wale ambao mwanakemia huyo alikiri kuwa wanamzidi ujuzi. Mavuno ya njia hiyo pekee hayatoshi kuilisha dunia ya watu zaidi ya bilioni nane, na mbolea peke yake nayo huchosha udongo na kuharibu maji. Wataalamu wengi wa kilimo sasa wanashauri vyote viwili vitumike, mbolea kwa kipimo na kwa wakati wake, pamoja na samadi, mboji na mikunde.

Taasisi ya Dahlem ilibadilishwa jina mwaka 1953, na hadi leo inaitwa Taasisi ya Fritz Haber. Wapo wanaodai jina hilo liondolewe, na wapo wanaosema libaki ili wanaosoma humo wasisahau. Wakati mjadala huo ukiendelea, viwanda havilali, na kila msimu wa mvua mamilioni ya mifuko hufunguliwa mashambani.